Jumapili ya Bure

Mtaani walimwita Bi Tiketi kwa sababu hakuwahi kununua tiketi hata moja. Watu wakikosa la kufanya ndivyo walivyo, humbandika mtu jina la kile asichokuwa nacho. Mwenyewe hakuchukia. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja nyuma ya soko la nguo, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na mtu aliyesimama mbele ya mvuke muda wote huo hababaishwi na jina. Siku sita za wiki alinyoosha mashati ya watu: kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mwisho kifua na mgongo. Siku ya saba wenzake walilala. Yeye alivaa viatu vyake vya kufungia kamba akaenda makumbusho.

Alizijua nyumba zote za makumbusho za mji ule kwa milango yake. Ile ya sarafu, iliyo chini ya benki, haitozi siku yoyote, ila uvumilie mlinzi apekue mkoba wako kana kwamba unaingia na baruti. Ya reli haitozi Jumatano saa ya mwisho kabla ya kufunga. Ukiwa na miguu mepesi unayaona mabehewa yote na bado unapata dakika kumi za kukalia kiti cha daraja la kwanza, ukunje nne kama mke wa waziri. Na lile jumba kubwa lenye ngazi pana, lenyewe hufungua mlango bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. Mkazi wa mji anaonyesha kitambulisho, anapita. Siku nyingine mkazi analipa kidogo, na mgeni analipa mara kadhaa ya hiyo.

Mambo hayo hakuyaficha. Alipokuta watalii kwenye ngazi wakiigeuza ramani juu chini, aliwaendea bila kuitwa.

"Msikate tiketi hiyo ya mlango mmoja," alikuwa akiwaambia. "Kateni ile ya pamoja, ya nyumba tatu. Inatumika siku mbili. Na njooni asubuhi mapema, kabla mabasi ya shule hayajamwaga watoto."

Karani wa tiketi alimtazama kwa jicho la pembeni kutoka dirishani. "Shangazi, unatuharibia biashara."

"Biashara gani, mwanangu? Vitu vyenyewe mmeviokota."

Walicheka wote wawili, naye akapita na kitambulisho chake mkononi. Miaka kumi na moja alipita hivyo. Kama angekwenda kwa ajili ya vyungu vya kale na mikuki, yangekuwa maisha mazuri tu ya mama mmoja mwenye udadisi, na hadithi ingeishia hapa. Lakini hakwenda kwa ajili ya vyungu.

Ghorofani, chumba cha tatu, kulikuwa na picha ya wanawake wanane juu ya njia ya mbao, wana makarai ya kokoto kichwani. Mmoja ametua lake chini. Ameshika kiuno, amegeuka upande, anamcheka aliyempiga picha. Paji lake pana, bega moja limeshuka kuliko jingine. Mara ya kwanza Bi Tiketi aliingia chumba kile akiikimbia mvua, na alipoliona bega lile akasogea hadi kwenye kioo. Lilikuwa bega lake. Kila shati alilojishonea ilibidi aliongezee kitambaa upande huo. Kibao cha chini kilisema: *Wanawake wabeba kokoto, ujenzi wa daraja. Majina hayajulikani.*

Mama yake alibeba kokoto kwenye daraja kabla hajaolewa. Hilo tu ndilo alilojua. Mama alifariki Bi Tiketi hajaachishwa ziwa. Baba alioa tena kabla mwaka haujageuka, na vitu vya marehemu vikagawanywa, hata kitana hakikubaki. Picha hawakuwahi kuwa nayo. Dada yake, aliyekuwa na miaka kumi na moja wakati huo, ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamkogesha, akamfunza kutembea huku naye mwenyewe ni mtoto wa kuchezeshwa. Na habari za mama dada huyo alikuwa hasemi. Kila alipoulizwa mama alikuwaje, alijibu jibu lile lile.

"Mama alikuwa mama. Kula."

Kwa hiyo Bi Tiketi alikuwa na kaburi lakini hana uso, hadi mvua ilipompeleka ghorofani. Tangu siku ile, kila Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya kioo cha picha akasema polepole, "Shikamoo, mama." Kisha akamwambia yaliyotokea mwezi mzima. Mlinzi wa chumba, mzee mpole mwenye soksi zilizotoboka kisiginoni, alisikia na hakuuliza. Mara moja tu aliinua mkono, Bi Tiketi alipotoa simu apige picha. "Kila kitu nakuvumilia, bibi, hili hapana. Mwanga unazila hizi picha. Nikikuruhusu wewe, kesho hapa pana foleni."

Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Neno kama hilo ukilisema lazima ulithibitishe, na duniani alibaki mtu mmoja tu aliyeujua uso wa mama. Dada alikaa mbali, safari ya siku mbili, na mji hakuupenda. Kila mwaka alialikwa, kila mwaka alikuwa na kuku wa kuangalia.

Mwishowe macho ndiyo yaliyomleta. Alishuka Jumatatu akiwa na begi moja, na shingo ameigeuza kidogo upande ili amwone mdogo wake kwa jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limeshakufa zamani, wala hakuwa ameandika kumwambia mtu. Kesho yake walikwenda hospitali. Bi Tiketi alisimama foleni ya dirisha la dawa, dada akaingia kwa daktari peke yake. Daktari alisema mengi, dada akasimulia machache: ni presha ya macho, kuna matone, arudi baada ya mwezi.

"Na hili la kulia?"

"Linaona. Si nakuona ulivyonenepa?"

Jumba kubwa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Bi Tiketi alikuwa ameshamwambia kwamba mle ndani kuna kitu anataka akione. Kitu gani hakumwambia. Alijizuia makusudi, asije akamtia dada maneno mdomoni. Alitaka dada asimame pale mwenyewe, atazame, na jina litoke kinywani mwake bila kuvutwa.

"Ndilo lile?" dada aliuliza, ametambua zile ngazi pana. "Basi tuingie. Tumeshafika."

"Leo? Leo Jumanne, dada. Leo wanatoza. Na wewe si wa hapa, watakutoza ya wageni."

"Nina kitu kidogo kibindoni."

"Kirudishe! Nilipe mlango, mimi? Makarani watanicheka mwaka mzima. Jumapili ya kwanza tunaingia bure."

"Si ilikuwa juzi?"

"Ya mwezi ujao. Unakwenda wapi wewe? Kuku wameshapata mlezi."

Alisema hayo akicheka, akamshika dada mkono wakavuka kwenda kituoni. Hapa mtu angetamani kumshika bega amtikise. Pesa yenyewe haikufika hata nauli ya dada ya kuja. Lakini tumtendee haki, haikuwa tiketi peke yake. Aliogopa. Miaka kumi na moja alikuwa na mama kila mwezi, na dada angeweza kusema siye. Siku ishirini na sita zilikuwa siku ishirini na sita zaidi za kuwa naye, na hofu hiyo aliificha nyuma ya ubahili wake, mahali ambapo hakuna mtu angeitafuta.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu. Bi Tiketi alimzungusha dada kwenye milango yake yote ya bure. Kwenye sarafu dada aligandisha pua kwenye kioo, akaiona ile yenye tundu katikati, akapiga kelele kama msichana. "Hii! Hii ndiyo uliyoimeza! Nilikupindua kichwa chini miguu juu mpaka ikatoka!" Mlinzi alikuja mbio akidhani kuna aliyezirai. Kwenye reli walikalia kiti cha daraja la kwanza, dada akavua viatu kabisa, akasema safari hii ashukie mwisho wa reli na asiulizwe na mtu.

Wiki ya tatu hoteli moja ilileta mashuka yake yote kwa dobi, baada ya mashine yao kuharibika. Bi Tiketi alisimama mbele ya pasi hadi vifundo vya miguu vikavimba. Alirudi jioni, akala alichokuta, akalala. Dada alianza kusema amechoka, leo hatoki. Chai ilikuja na chumvi badala ya sukari, wakacheka. Kikombe kilianguka. Dada alipita chumbani ameegesha kiganja ukutani, na Bi Tiketi akasema moyoni, kweli uzee si mchezo. Aliona yote hayo kwa macho yake mawili mazima, na hakuyaunganisha. Mashuka ya hoteli yalikuwa mia nne.

Jumapili ilipofika aliamka mapema akalipiga pasi gauni la dada mwenyewe, akaitia kola wanga kidogo. Dada aliketi kitandani akitega sikio kwenye sauti ya pasi.

"Mdogo wangu, jambo hilo lina uzito gani kwako?"

"Lipi?"

"Hilo unalotaka nikalione."

Bi Tiketi alinyanyua pasi. Alitaka kutania, akaacha. "Dada, sina jambo jingine duniani ninalolitaka kama hilo. Basi."

"Haya," dada akasema. "Twende."

Dirishani walimkuta karani yule yule. Bi Tiketi alionyesha kitambulisho, akaanza kupita, amemshika dada mkono.

"Na huyu, shangazi? Chake kiko wapi?"

"Ni dada yangu. Mgeni wangu."

"Mgeni analipa. Bure ni ya wakazi." Karani alikuwa na haya kweli. Alikuwa akimwambia sheria mtu aliyezifundisha sheria hizo kwa watalii. Akaonyesha ubao kwa kalamu. Miaka yote neno *wakazi* lilikuwa pale, kwa herufi kubwa nyekundu. Bi Tiketi alilisoma kila mwezi, naye kila mwezi alikuja peke yake.

Hakubishana. Alifungua mkoba akalipa bei ya mgeni, ile ile ambayo wangemtoza Jumanne ile. Tiketi ya kwanza ya maisha yake aliishika bila kuitazama.

Ngazini dada alipanda taratibu, akigusa kila kidato kwa ncha ya kiatu kabla ya kukikanyaga. Chumba cha tatu hakikuwa na watu, ila mzee mlinzi kwenye kiti chake. Ukutani kulikuwa na fremu mbili. Moja ilikuwa mchoro wa wahandisi, mistari na namba za daraja. Ya pili, hatua mbili kulia, wale wanawake wanane.

"Tumefika," Bi Tiketi alisema. Aliuachia mkono wa dada katikati ya chumba, akarudi nyuma. "Sikwambii kitu. Tazama mwenyewe, uniambie unaona nini."

Dada alisimama. Alisogea mbele kidogo, mkono ameutanguliza, mpaka vidole vikagusa ubaridi wa kioo. Mlinzi alianza kuinuka, Bi Tiketi akamwashiria aketi. Dada aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo muda mrefu, uso wake umekielekea kioo.

"Ni mama," akasema. "Ndiye. Ni mama yetu kabisa."

Alikuwa mbele ya mchoro wa wahandisi.

Chumvi kwenye chai, kikombe, kiganja ukutani, vyote vilimjia Bi Tiketi kwa pamoja. Dada haoni. Tangu lini, Bi Tiketi hakujua, lakini dada haoni kitu. Amepanda ngazi zote hizi akiwa gizani, amebahatisha ni nini mdogo wake anaweza kukitaka kuliko vyote duniani, akaamua kumpa. Jumanne ile alikuwa na jicho. Jumanne ile alisema tuingie.

"Umemjua?" Bi Tiketi aliuliza, kwa sababu ilibidi aseme kitu.

"Nitaachaje kumjua?" Na sasa dada, ambaye miaka yote hakusema, alisema. Labda kioo kilimpa ujasiri, labda giza. "Mwangalie paji lake hilo. Wewe umelirithi. Na mwanya wake. Mama alikuwa na mwanya hapa mbele, mpana, akipiga mluzi nyumba nzima inamsikia. Watu walisema mwanamke hapigi mluzi. Yeye alipiga."

Bi Tiketi alisogea hatua mbili kulia. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa anacheka kinywa wazi. Meno yalionekana, madogo, meupe, yamebanana. Alijikaza. Picha ni ya zamani, alijiambia. Mwanya unaweza usitokee.

"Na sikio," dada akaendelea kuuambia mchoro wa daraja. "Hili la kushoto. Mbwa alimng'ata akiwa mtoto, ncha ikaondoka. Ulipokuwa unanyonya ulikuwa unalishika hilo hilo, unalivuta. Ukipewa la kulia unalia. Nilikuwa nakuonea wivu, unajua? Mimi nilikuwa mkubwa, sikuruhusiwa tena kulishika."

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amegeuka upande. Sikio lake la kushoto lilikuwa wazi kwenye mwanga, zima, la duara, lina hereni ndogo. Bi Tiketi alilitazama mpaka macho yakamwuma. Alikuwa amelitazama sikio hilo zaidi ya mara mia, akalisimulia habari za mashati, za homa, za mazishi ya mumewe. Lilikuwa sikio la mama wa watu. Mahali fulani huenda kuna mtoto wake anayemtafuta, naye hana habari kwamba yuko hapa ghorofani, anacheka.

Kama angesema kweli, dada angejua kwamba zawadi yake imeanguka ikavunjika, na kwamba kila mtu chumbani anajua kuwa ni kipofu. Wala hapakuwa na haja. Aliyefanya kosa siye dada.

"Ndiye," akasema. "Kweli dada, ndiye. Mwanya ule ule."

Mabega ya dada yalishuka, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Nilikuwa naogopa nitakuvunja moyo."

"Hujanivunja, dada."

Alimrudia, akaupitisha mkono wake chini ya kwapa la dada, safari hii akaubana vizuri, kama mtu anavyomshika asiyeona. Dada aliusikia mbano huo. Aligeuza uso kidogo, kisha naye akaubana mkono wa mdogo wake. Walielekea mlangoni hivyo. Mzee mlinzi aliwapisha, akauliza kwa upole kama mwezi ujao watakuja.

"Tutaona, mzee," Bi Tiketi akasema. Hakugeuka nyuma kuaga.

Kileleni mwa ngazi alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi, wala hakuyafuta, hapakuwa na wa kuyaona.

"Dada, lile sikio lilikuwaje? Niambie tena."

"Si umeliona mwenyewe sasa hivi?"

"Nimeliona. Lakini niambie tena."